Ng'ombe Aliyelia kwa Mzee Shirap

Sendinmaa, jirani yetu, ndiye aliyeniletea habari kwamba Mzee Shirap ameiba ng'ombe.

Alikuja asubuhi na ndoo yake ya maziwa, akaketi karibu na jiko bila kuvua kofia, akasema amemsikia kwa masikio yake mwenyewe. Ng'ombe yumo ndani ya nyumba ya kuogea ya mzee, tena ni mgonjwa, analia kama aliyekwamwa na kiazi kooni. Nikamuuliza ni ng'ombe wa nani. Akasema hilo ndilo analolichunguza. Amekwisha kuhesabu wake, wa jirani yake wa upande wa mtoni, na wa mwalimu wa shule, na wote wapo.

"Sasa kama wote wapo, ameiba wa nani?"

Sendinmaa alikunywa chai yangu ya chumvi mpaka akaona chini ya bakuli, ndipo akanijibu. "Wewe Mama Kezhik bado mtoto. Mzee akishang'oka meno, na aibu inamng'oka."

Mimi ukweli nilikuwa naujua. Ua wetu na wa mzee umetenganishwa na uzio mmoja, na katika uzio huo kuna ubao ulioanguka ambao mume wangu Omak anaahidi kuupigilia tangu kabla hatujaoana. Mzee Shirap ni kaka mkubwa wa marehemu baba mkwe wangu, kwa hiyo kwangu naye ni mkwe. Mbele yake nafunika kichwa, simpi mgongo, na sianzi mimi kusema. Basi mdomo wangu ukiwa likizoni hivyo, macho na masikio yangu yalikuwa yakifanya kazi ya watu wanne.

Ng'ombe wa Sendinmaa alikuwa Mzee Shirap mwenyewe, na amirga yake mdomoni.

Amirga ni baragumu la mti wa mwerezi, refu kama mkono wa mtu mzima, jembamba upande wa mdomo na pana upande wa pili. Mgeni akiishika huipuliza, mashavu yakamvimba, na asitoe hata mlio wa mbu. Haipulizwi. Inanyonywa. Unaiweka kwenye pembe ya midomo, unavuta pumzi ndani kwa nguvu zako zote, na sauti inayotoka upande wa pili ni ya marali dume, yule kulungu wa milimani aliye mkubwa kama farasi na mwenye pembe za matawi. Mwezi wa Septemba madume yale hunguruma asubuhi na jioni, kila mmoja akitangaza kwamba mteremko huu una mwenyewe na majike haya yana bwana. Mwindaji akiinyonya vizuri, dume anadhani kuna mhuni amekuja kumpokonya wake zake. Anashuka kwa hasira, na huku chini bunduki inamngoja.

Mzee Shirap alikuwa mwitaji wa kikundi cha wawindaji wa kijiji chetu kwa miaka thelathini na mmoja. Ni mtu mfupi, miguu imepinda kwa kukaa juu ya farasi, na akitembea kwa miguu utadhani farasi yule bado yupo katikati. Alizaliwa kwenye hema la magome huko juu wanakofuga kulungu wa maziwa, akajifunza kunyonya amirga kwa baba yake kabla ya kujifunza kusoma, na kusoma kwenyewe, anasema, hakukumfaa sana maana marali hawaandikiani barua.

Mkewe marehemu, Bi Anchimaa, ndiye aliyekuwa mwamuzi wake. Nilimkuta bado hai nilipoolewa. Kila mwisho wa Agosti mzee alikuwa anatoka nyuma ya nyumba, ananyonya amirga mara moja, halafu anageuza kichwa kuelekea dirisha la jikoni. Bi Anchimaa, akiwa anakanda unga, alikuwa anatoa hukumu bila kuinua macho. "Ng'ombe." Mzee anarudi kuchonga. Siku ya pili, "Ng'ombe." Siku ya tatu au ya nne, "Marali," na hapo hapo mzee anaanza kufunga mizigo. Ameshafariki miaka mitatu sasa. Dirisha limefungwa. Lakini mzee akimaliza kunyonya, mpaka leo kichwa kinageuka kwanza huko.

Meno yalimtoka kwenye sikukuu ya mwaka mpya wa kwetu, unaoangukia mwezi wa pili, nyumbani kwa shemeji yake Balchir. Balchir ni kaka wa Bi Anchimaa, na hawa wawili wametaniana kwa miaka arobaini bila hata mmoja kuchoka. Mke wa Balchir alipitisha sahani ya maziwa ya mgando yaliyokaushwa, yale magumu kama kokoto za mtoni, ambayo watu wenye akili huyalowesha kwenye chai. Mzee Shirap aliyatafuna makavu ili aonekane kijana. Meno mawili ya mwisho ya mbele yakabaki kwenye maziwa. Tangu siku ile akawa anayatunza kwenye kisanduku cha kiberiti, na mtu akitaja jina la Balchir anakifungua na kusema, "Kidhibiti hiki hapa. Kesi inaendelea."

Tulicheka sana majira yale ya baridi. Kicheko kilikwisha mwezi wa nane, wanaume walipomsikia akijaribu amirga.

Omak yumo kwenye kikundi, na ndiye waliyemtuma. Wako sita, wana kibali cha dume mmoja kwa mwaka, na nyama ya dume huyo inaingia nyumba kumi na moja, maana kwetu mwindaji anayerudi na nyama hampiti mtu bila kumkatia. Akikosea mwitaji, nyumba kumi na moja zinakula unga wa shayiri mpaka masika. Omak alikwenda kwa baba yake mkubwa akiwa ameshika kofia mkononi, akazunguka sana, akataja hali ya hewa, akataja kwato za farasi, mwishowe akasema wenzake wameona kwamba mwaka huu mzee apumzike kambini, alinde moto na sufuria, na kuita ataita Balchir. Balchir alikuwa amenunua mjini bomba la plastiki la kuitia marali, la kijani, lenye kamba ya kuvaa shingoni.

"Sufuria ina miguu?" mzee akamuuliza.

"Haina, baba."

"Sasa mnaogopa itakimbilia wapi mpaka iwekewe mlinzi?"

Walijadiliana siku mbili. Mwisho wakakubaliana hivi: siku ya kwanza umande utakapoganda, kabla msimu haujafunguliwa, Shirap na Balchir watapanda mlimani bila bunduki, kila mtu upande wake wa bonde. Atakayejibiwa na marali ndiye mwitaji. Mwingine ndiye mlinzi wa sufuria. Mzee alikubali mbele yao akiwa amenyooka, ila Omak alipoondoka nilimwona kupitia pengo la uzio akikaa juu ya gogo la kupasulia kuni na kulishika taya lake kwa mikono miwili, kama mtu anayepima kitu sokoni.

Alikuwa na wiki tatu hivi.

Kwanza aliishitaki amirga. Ile ya zamani, akasema, ilichongwa kwa mdomo wenye meno. Akaleta kipande cha mwerezi mkavu, akakipasua katikati kwa urefu, akaanza kuchimba kila nusu kwa kisu kilichopinda mpaka mbao zikawa nyembamba kama ganda la yai. Akaziunganisha tena, akazizungushia utumbo mbichi wa kondoo ili ukikauka uzikaze, akaitumbukiza mtoni usiku mzima mti uvimbe na kuziba nyufa. Ilikuwa nzuri kuiangalia. Kesho yake akaingia nayo kwenye nyumba ya kuogea, akafunga mlango ili asisikike, akavuta pumzi.

Ng'ombe, na kiazi chake kooni.

Akachonga ya pili, nyembamba zaidi. Akachonga ya tatu. Maganda ya mwerezi yakajaa ua mpaka kuku wakawa wanatagia humo, nami nikawa nayazunguka kwa mbali, maana mwanamke kuruka vitu vya uwindaji ni mkosi na sikutaka nije kusingiziwa. Sendinmaa, aliyekuja kutafuta ng'ombe, aliondoka na amirga moja iliyotupwa. Anaitumia kumiminia maziwa kwenye chupa mpaka leo, na anasema hajawahi kuwa na faneli nzuri kama ile.

Mimi nilikuwa nakaa upande wangu wa uzio na Kezhik wangu, aliyekuwa na miezi saba na hana hata jino moja. Nilikuwa namnyonyesha pale kwenye jua la asubuhi. Na kwa sababu sikuwa na la kufanya zaidi ya kukaa, nilisikia kitu. Kabla ya ule mlio wa ng'ombe, kila mara, kulikuwa na kasauti kengine kadogo. Twa. Twa. Kama mtu anayebandua kitu kilichonata.

Nilikajua kasauti kale. Kalinitoa machozi wiki nzima.

Kezhik alipozaliwa alikuwa ananyonya hivyo hivyo, twa, twa, anameza upepo, analia, na mimi chuchu zimepasuka nalia naye. Nilidhani maziwa yangu ndiyo mabaya. Mama yangu alipofika kutoka kijiji cha juu hakuyatazama maziwa. Aliutazama mdomo wa mtoto, akaingiza kidole kimoja, akaugeuza mdomo wa juu nje kama unavyokunjua ukosi wa shati. Basi. Twa ikakoma. "Mtoto asiye na meno," mama akasema, "mdomo wake unajikunja ndani kujificha. Mtoe nje."

Nikachungulia kwenye pengo. Mlango wa nyumba ya kuogea ulikuwa umeachwa wazi kwa sababu ya joto. Mzee alikuwa ameiweka amirga kwenye pembe ya midomo kama miaka yote. Lakini mdomo wake wa juu, kwa kukosa meno ya kuuegemea, ulikuwa umeingia wote ndani.

Sasa mwambie nani? Ningemwambia Omak, Omak angezunguka tena kwenye kwato za farasi. Na mimi mwenyewe siwezi kusimama mbele ya mkwe wangu nikamwambia habari za mdomo wake. Hata kulifikiria tu nilijikuta nimekaza kitambaa changu kichwani.

Nilingoja mpaka akatoka nje kupumua, akaketi juu ya gogo lake, hatua tano tu kutoka nilipo. Nikamgeukia mtoto.

"Kezhik," nikasema, sauti ya kutosha kuvuka uzio, "mbona leo unameza upepo, mama? Hiyo twa, twa unaitoa wapi? Mdomo wa juu umeukunja ndani. Sisi tusio na meno hatukunji mdomo ndani. Tunautoa nje, hivi, kama faneli ya Sendinmaa. Na ulimi tunaulaza chini kama mtaro. Eeh, hivyo. Ona sasa unavyovuta."

Kezhik, ambaye alikuwa ananyonya vizuri na hakuwa na kosa lolote, aliacha akanitazama kwa mshangao.

Sikuthubutu kuinua macho. Baadaye nikasikia mzee akikohoa, kisha, polepole, akiongea naye na mtoto. Maana na yeye ana adabu zake.

"Kezhik," akasema, "ukishautoa nje, hauchoki ukarudi ndani wenyewe?"

"Unachoka, mwanangu," nikamwambia Kezhik. "Ndiyo maana tunakupa mafuta ya mkia uzoee."

Kwetu mtoto hupewa kipande cha mafuta ya mkia wa kondoo, kilichochemshwa, na kijiti kimepitishwa katikati kwa upande ili asikimeze. Anakinyonya kutwa nzima. Kinamshibisha, kinamnyamazisha, na kinampa midomo yenye nguvu. Kezhik alikuwa nacho chake, kimeshachukua umbo la kinywa chake.

Kesho yake niliona moshi kwa mzee mapema. Anachemsha kitu. Ilipofika saa nne akaja Sendinmaa mbio, hajabeba hata ndoo. Safari hii hakukaa. Alisema habari za ng'ombe tuziache, kuna kubwa zaidi: Mzee Shirap amerudi utotoni. Amemkuta ameketi juani anamung'unya mafuta ya mkia yenye kijiti, na alipomsalimu hakuyatoa, amemwitikia "mmh" na kuendelea kunyonya. "Yale yale aliyoyapata babu yangu," akasema Sendinmaa kwa huruma, "ila babu alianza kwa kutambaa."

Nilimmiminia chai.

Siku ya nne ya mafuta, mzee alitoka nyuma ya nyumba na ile amirga ya zamani, si ya pili wala ya tatu. Akainyonya. Hakukuwa na twa. Kichwa kikageuka kuelekea dirisha la jikoni, kikakaa huko kidogo, halafu kikageuka upande wa uzio.

"Kezhik, je?"

Nikajua ni zamu yangu. Nilimkumbuka Bi Anchimaa na mikono yake yenye unga, na nikaona kumdanganya mzee kungekuwa kumtukana yule mama.

"Ng'ombe," nikamjibu mtoto. "Lakini kiazi kimemtoka."

Mzee akacheka, ufizi mtupu. Siku ya sita nikasema, "Ng'ombe aliyepona." Siku ya tisa sikusema chochote, maana Kezhik aliacha kunyonya, akageuza kichwa akatafuta msituni, na mbwa wa Sendinmaa akatoka chini ya ngazi manyoya yamemsimama.

"Kezhik amesema nini?" mzee akauliza.

"Amesema huyu hamjui, baba," nikasema. Nilijisahau nikamwambia yeye mwenyewe.

Umande uliganda siku mbili baadaye.

Yaliyotokea mlimani nilielezwa na Omak, ambaye si mtu wa maneno, lakini siku ile alieleza mpaka chai ikapoa mara mbili. Alikwenda na mzee upande wa mashariki wa bonde kuwa shahidi. Balchir alitangulia upande wa magharibi peke yake. Walipokaa nyuma ya mwamba, kumeanza kupambazuka, wakasikia marali akilia ng'ambo. Omak akashtuka kwa furaha. Mzee akasikiliza akiwa amefumba macho, kisha akatikisa kichwa.

"Huyu amezaliwa dukani," akasema. "Sikia anavyomalizia. Marali wa kweli anamalizia na kifua, huyu anamalizia na kamba ya shingoni."

Akatoa mafuta yake mfukoni, akayanyonya mara tatu nne, akayarudisha. Akailowesha amirga kwenye maji ya kijito. Akaitoa midomo yake nje, akavuta.

Omak anasema nywele zilimsisimka, na yeye alikuwa anamwona mzee kwa macho yake.

Halafu yule wa plastiki akajibu, kwa hamu, karibu zaidi. Mzee akamjibu kwa kiburi kidogo, kama dume anayesema, sina haja nawe. Wa plastiki akasogea tena. Omak akashauri wapige kelele, wamwambie Balchir ni wao. Mzee akamwambia amwache, mgeni anayekuja mwenyewe hafukuzwi.

Ilichukua muda wa saa mbili. Balchir aliteremka mteremko wote akijificha mti hadi mti. Alivuka tope la chini. Alivuka mto, ambao ulikuwa na barafu kingoni, na kwa kuwa ng'ambo hapakuwa na kichaka cha kumficha alivuka akiwa ameinama, maji mpaka kifuani. Kutoka mtoni alipanda kwa tumbo. Kila akisimama kupumua, mzee anamnyonyea kidogo, taratibu, asije akakata tamaa. Omak alikuwa ameziba kinywa kwa kofia na machozi yanamtoka.

Mwishowe juu ya mwamba ikachomoza kofia iliyochomekwa matawi ya msonobari. Chini ya kofia macho ya Balchir, yakitafuta pembe. Yakakuta watu wawili na chupa ya chai.

"Karibu, shemeji," Mzee Shirap akasema. "Pembe umeziacha wapi?"

Balchir hakuondoka mahali pake. Maji yalikuwa yanamchuruzika kwenye ndevu. "Nilijua ni wewe tangu mwanzo," akasema.

"Ulijua, ukavuka mto umeinama?"

"Nilikuwa nakunywa maji."

Wakamwingiza kati yao, wakamvua koti, wakampa chai. Mzee akatoa kiberiti, akakiweka kwenye kiganja cha shemeji yake akisema achukue kidhibiti chake, kesi imefutwa. Balchir akakifungua, akayatazama yale meno mawili, akauliza kama hakimu anatafuna maziwa mpaka leo. Walikuwa wameanza kutaniana kwa raha, wamesahau kabisa kilichowaleta, sauti ilipotoka juu yao.

Ilianza chini sana, ikapanda, ikakaa huko juu kama uzi uliovutwa, kisha ikaanguka kwa mguno mzito. Wanaume watatu wakatazamana midomo. Omak anaapa Balchir alipeleka mkono mdomoni kwake kuhakikisha si yeye.

Halafu Balchir, anatetemeka kwa baridi, akanong'ona, "Mjibu basi, shemeji. Unamweka mwenzio."

Mzee akatoa mafuta. Akanyonya. Akayarudisha. Mdomo ulitoka nje ukakaa. Akavuta, na dume wa kweli akamjibu hapo hapo, kwa hasira, na mawe madogo yakaanza kuporomoka. Alitoka kwenye miti, mvuke unatoka puani, shingo nyeusi kwa matope, akasimama mbele yao umbali wa kurusha kofia. Akatafuta adui. Akakuta wazee wawili na mume wangu. Akachimba ardhi mara moja kwa kwato, akawageuzia makalio, akaenda zake.

"Hata yeye amekudharau," Balchir akasema. Lakini alipofika kijijini ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akitangaza, na kila nyumba mto ulizidi kuwa mpana.

Hakuna aliyeuliza mzee alijifunzaje. Sendinmaa alieneza kwamba mwenye mlima, yule mzimu wa huko juu, amemrudishia sauti kwa sababu ya sadaka ya maziwa, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemshauri. Nilimwacha. Mzee naye hakusema neno, ila ule ubao wa uzio, Omak alipochukua nyundo hatimaye, alimkataza. Akamwambia auache kama ulivyo.

Waliondoka siku ya Alhamisi, jua limeshachomoza. Farasi sita wakapita mbele ya mlango wetu kwa mstari. Nilisimama nje na bakuli la maziwa na kijiko cha mti chenye vishimo tisa, nirushe maziwa nyuma yao wanapoondoka, kama tunavyofanya kuwaombea njia njema. Kezhik alikuwa mgongoni kwangu na mafuta yake mdomoni. Balchir alikuwa wa mwisho, na sufuria kubwa imefungwa nyuma ya tandiko lake. Kila farasi akipiga hatua ilikuwa inagonga, ngo, ngo, na kila ikigonga wenzake walikuwa wanamuuliza kama mfungwa hajatoroka.

Mzee Shirap alikuwa wa mbele. Alipotufikia akavuta hatamu. Msafara wote ukasimama nyuma yake.

Nilikaza kitambaa, nikatazama kwato. Nilidhani farasi ana tatizo. Nikamsikia akishuka, akija na ile miguu yake ya upinde mpaka mbele yangu. Alipapasa mfuko wa koti, akaugeuza nje, mtupu, akaurudisha.

"Mbwa amekula mafuta yangu," akasema. "Asubuhi hii, na kijiti chake. Nilikuwa nafunga mzigo."

Nyuma yake mmoja wa wanaume akaanza kucheka, Omak akamwangalia, akaacha. Sufuria ilikuwa imenyamaza. Kondoo hatuchinji mpaka baridi ikaze, na mkia wa mwisho nilishaukata wote. Kipande kilichobaki kilikuwa mgongoni kwangu, mdomoni mwa Kezhik. Yeye alilijua hilo kama mimi, maana pengo la uzio linaonyesha pande zote mbili. Niliuona mdomo wake wa juu. Tangu alfajiri haujanyonya kitu, ulikuwa umeshaanza kuingia ndani.

Safari hii hakumgeukia mtoto. Alivua kofia yake mbele ya wale watu wote, mbele ya Balchir, akaishika kwa mikono miwili, akanitazama mimi.

"Mkwe wangu," akasema, "niombee kwa mwalimu wangu aniazime chake. Najua atalia. Mwambie siku tano tu."